Kibuyu cha Mwenye Mtumbwi

Jumanne, 3 Septemba

Nimefuta vumbi tangu asubuhi hapa makumbusho. Ngoma, mikuki, vigae vya vyungu vya kale, mabaki ya tanuru za chuma. Vumbi la kiangazi halina adabu. Wanafunzi wa sekondari wakaja. Kama kawaida wamevipita vigae bila kugeuza shingo, wakaenda kusimama kwenye mtumbwi. Kama kawaida mmoja kauliza kama ulivuka ziwa. Nikamwambia haujawahi kuliona ziwa, ni wa kukamulia ndizi za pombe, ila waliousogelea waliyumba kuliko mabaharia. Mwalimu wao kacheka kuliko wao.

Sijawaambia ni wa Tata. Huwa siwaambii. Baba yangu hajazoea kutazamwa.

Jioni Deo kapiga simu kutoka Izigo. Kaka yangu hana salamu ndefu. Tata anataka mtumbwi wake urudi. Nikasema sawa, nikadhani ni uzee. Mwaka jana watu wa makumbusho walipoufuata, aliwafungulia geti mwenyewe.

Jumapili, 8 Septemba

Izigo, baada ya misa. Nimembebea Tata mkate, sukari na sweta. Nimepiga goti kumsalimia kama ninavyofanya tangu nijue kuongea. Hakuitikia. Kageukia kibanjani, kwenye migomba, akamwambia Deo nami nikiwa pale pale miguuni pake: "Mwambie huyu wa mjini, watu wake hawana adabu. Waurudishe."

Bibi mzima mwenye wajukuu, nimeachwa nimepiga goti. Deo ndiye aliyeninyanyua.

Mkate haujaguswa. Tata amekonda. Pombe daktari alishamkataza, na siku hizi hata uji anausukuma. Deo anasema anakaa tu anaangalia njia. Naogopa atakufa akiwa amenikasirikia. Basi nimeandika. Ndiyo hofu yenyewe, sina nyingine.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimemwambia Bwana Hamza. Makumbusho haya ni yake, aliyaanzisha na ngoma mbili za babu yake sebuleni. Chai imepoa mbele yake. Bila mtumbwi chumba cha kati kinabaki ukuta mtupu. Kasema kilichotolewa kimetolewa. Kisha kasema samahani, Bi Koku. Kisha kasema tena kimetolewa.

Ana haki. Tata naye sijui kama ana haki, ila ni Tata.

Jumatano, 11 Septemba

Deo kapata pikapu. Jumamosi ya wiki ijayo, na wanaume wa kuubeba. Bwana Hamza akifunga mlango, wataelewana huko huko mlangoni. Na mimi nisimame upande gani wa mlango? Nimepika, sikula.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua ya kwanza. Umeme hakuna, wageni hakuna. Nimekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, jambo ambalo nawagombeza watoto wa shule kila siku. Nimeinama nikanusa ndani. Bado. Uchachu wa mbali, na moshi.

Nikamkumbuka Kaiza, jirani yetu wa zamani. Nyumba nyingi hazikuwa na mtumbwi, wakaazima wa Tata. Wanakuja asubuhi wanaume wanne, wanaubeba mabegani, wanaondoka. Hakuna maneno mengi. Ila pombe ikishaiva, kibuyu cha kwanza kinaletwa kwetu kabla mtu yeyote hajaonja. Kibuyu cha mwenye mtumbwi. Nilitumwa mimi kukipokea, kwa mikono miwili. Mara moja Kaiza akawanywesha wageni wake kwanza, akasahau. Tata hakumdai. Aliacha tu kuitikia salamu yake, mpaka siku Kaiza alipokuja na kibuyu akakaa chini.

Mwaka jana Bwana Hamza alifika Izigo asubuhi na wanaume wanne. Wakaubeba mabegani, wakaondoka.

Tata hakuutoa mtumbwi. Ameazimisha. Miezi yote hii amekaa kwenye kiti chake anasubiri kibuyu kutoka makumbusho.

Nimecheka peke yangu mle chumbani mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Ijumaa, 13 Septemba

Bwana Hamza kanisikiliza hadi mwisho. Kavua miwani. Kauliza, kwa hiyo Kaiza ni yeye? Nikasema ndiyo, bosi, Kaiza ni wewe.

Shida ni kwamba yeye ni mtu wa swala tano. Pombe haipikwi kwake wala haibebi. Na anayepelekewa kakatazwa na daktari. Kisha kauliza yale maji matamu ya ndizi kabla hayajachachuka, omuramba, bibi yake alikuwa akimpa utotoni. Hayahesabiki?

Sikujua. Nikampigia shangazi yangu aliyeko Nshamba. Dada ya Tata huyo, hazungushi maneno. Kasema: "Kinachotazamwa ni kwamba kimetoka kwenye obwato, mtumbwi ule, na hakijaonjwa. Mengine ni ya tumbo lake."

Jumamosi, 14 Septemba

Nimenunua mikungu ya embire, zile ndizi za pombe. Nimechimba shimo nyuma ya nyumba, hapa Kitendaguro. Majani makavu, moto kidogo, ndizi, majani mabichi, udongo juu. Sijafanya hivi tangu usichana. Kiuno kinanidai.

Deo sijamwambia. Akijua atamwambia Tata, na kibuyu hakitangulizwi na simu.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimechungulia shimo. Nyingine bado ngumu. Nimerudishia udongo. Jirani kauliza kama nafungua kilabu. Nikamwambia ndiyo, na yeye ndiye atakayenifilisi. Nimecheka naye. Lakini zisipoiva keshokutwa, pikapu inaondoka na mtumbwi, na Tata atakuwa ameupata bila kuheshimiwa. Sitaki aupate hivyo.

Jumamosi, 21 Septemba

Zimeiva.

Asubuhi tumeutoa mtumbwi uani. Tukaumwagia maji, ukayanywa, tukaumwagia tena. Ndizi zilikuwa zimeshamenywa na kumwagwa ndani pamoja na nyasi wakati pikapu inaingia. Deo kashuka na wanaume wake na kamba, uso wa vita. Akaona ndizi. Akaona kibuyu pembeni. Akamwona Bwana Hamza kakunja suruali magotini, miguu ya mtu wa ofisini. Kakaa kwenye ngazi, akavua viatu, akanawa miguu, akaingia mtumbwini kuzikanyaga. Anakamua kama Tata, mikono nyuma ya mgongo. Nilikuwa nimesahau.

Kibuyu cha kwanza nimekijaza mimi. Mmoja wa wanaume wa kamba akanyoosha kikombe. Nimempiga kofi la mkono.

Pikapu iliyokuja kuchukua mtumbwi imebeba kibuyu. Bwana Hamza kabadilisha, kavaa kanzu, akakipakata njia nzima hadi Izigo. Kanzu ikalowa. Hakukiweka chini.

Tata alikuwa kwenye kiti chake. Bwana Hamza kainama, akakitoa kwa mikono miwili, akasema kwa Kihaya chake cha mjini kwamba ni cha mwenye mtumbwi, na kimechelewa, na waliochelewesha ni wao. Mimi nilipiga goti nyuma yake.

Tata kanusa. Kanywa kidogo. Kanywa tena, sana. Kasema nyasi zilikuwa chache. Kasema ndizi zingekaa siku moja zaidi. Kauliza kama mtumbwi umepasuka. Bwana Hamza akajibu kwa heshima: haujapasuka, waitu. Basi kaeni nao, kasema.

Kisha akanitazama, akaitikia salamu yangu ya Jumapili ile. Kaitikia yote hadi mwisho, akauliza wajukuu hawajambo. Nimelia mbele ya wanaume wa kamba. Sijali.

Kala ndizi jioni. Deo kasema sahani ilirudi tupu.

Jumatatu, 30 Septemba

Mvua. Vumbi limepungua.

Nimebadilisha kibao. Cha zamani kiliandikwa: Mtumbwi wa kukamulia pombe, Muleba. Sasa kinasema: Mtumbwi wa Mzee Rwegasira wa Izigo. Tumeuazima. Bwana Hamza kasoma mara mbili, kisha akakinyoosha, ingawa kilikuwa kimenyooka.

Msichana mmoja wa shule kauliza tutaurudisha lini. Nikamwambia mwenyewe hajaudai. Nikamwambia pia ni baba yangu. Imenitoka tu.

Mchana Deo kapita na kibuyu. Tata kakijaza kahawa ya kutafuna, ya Bwana Hamza. Mezani kwake sasa kuna maganda kila mahali na nitayafagia mimi. Bwana Hamza alitaka kibuyu kiwekwe kwenye kabati la vioo. Nimekataa. Mwakani kina safari ya Izigo.

Nimekiosha. Nimekitundika jikoni kwangu, mdomo chini, kikauke.