Mstari Mmoja Uliolificha Jina Lako

Kaka Mwita,

Mgomba umechipua. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalomkosesha mama usingizi, na mimi pia, ingawa mbele yake najifanya sijali.

Sijui kama huko uliko kuna aliyekuambia tulivyokuzika. Duara la kule Kemambo, lile shimo la dhahabu, lilipoporomoka likawafukia ninyi watatu, wenzako wawili walitolewa. Wewe hukufikiwa. Wakasema udongo bado unashuka, wakaacha kuchimba. Wazee wakaamua kaburi lichimbwe hapa nyumbani Nyamwaga, na kizikwe kipande cha mgomba badala yako, kama anavyofanyiwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana. Baba mdogo ndiye aliyetumwa shambani kuukata. Alikuwa analia, hakuangalia anachofanya, akaung'oa na mizizi yake. Hakuna aliyegundua mpaka mvua zilipoanza, likatoka jani juu ya kaburi lako, limejikunja, kijani kibichi. Baba mdogo akaja na panga. Mama akasimama mbele yake, akasema, "Mwache. Bado ana neno."

Tangu siku hiyo sipiti upande ule peke yangu.

Mimi pia nina neno, na si zuri. Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka tulivyoanza? Simu yako yenye kioo kilichopasuka, mimi na wewe nyuma ya mashine ya kopi pale stationari, tunajifunza CSS, hiyo lugha ya kupamba kurasa za mtandao. Kila asubuhi kabla mwenye duka hajafika ulikuwa unapakua masomo ya bure kwa intaneti yake na kuyaweka kwenye memori kadi. Mwalimu wa kwenye video alikuwa anaongea Kiingereza cha puani, nawe ulikuwa unamwigiza mpaka nacheka nashika mbavu. Halafu unanifafanulia kwa namna yako. Maneno ni ng'ombe. Boda ni ua wa zizi. Padingi ni nafasi kati ya ng'ombe na ua, ukiibana wataumizana. Na usisahau nafasi ya nje, kati ya zizi letu na la jirani, maana hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mpaka leo nikipanga ukurasa nawaona ng'ombe.

Lakini ulikuwa na dharau na vitu vya bure, kaka. Nakusema kwa sababu nina hasira na sina pengine pa kuipeleka. Ulipoona tangazo la chuo kule Mwanza, na cheti, na kwamba kila mwanafunzi aje na laptopu yake, ile kadi ikageuka takataka machoni pako. Ukasema vya bure ni vya kuonja tu. Wakati huo kila kijana wa Nyamwaga alikuwa anaota dhahabu. Ukaniambia, "Msimu mmoja tu, Ghati. Nikitoka huko tunasoma kama watu." Ukaingia duarani.

Baada ya matanga niliifungua kadi. Wewe uliishia somo la tisa. Masomo yalikuwa yanaendelea mpaka mwisho kabisa, na mazoezi, na majibu yake. Nikalichukua lile tangazo la chuo, nikalilinganisha na kadi, kila walichoahidi kufundisha kilikuwamo. Nilikaa sakafuni pale dukani nikalia. Vya bure vilitosha, Mwita. Vilikuwa mfukoni mwako siku zote.

Nikavimaliza vyote, kwanza kwenye simu yako, baadaye kwenye kompyuta kuukuu ya duka, wakati hakuna wateja. Nilipokwama nilifungua kurasa za watu wengine nikachungulia walivyoziandika, maana hilo nalo halina kiingilio. Mwenye duka alinipa nafasi yako. Nakaa kwenye kiti chako, kile kinachoyumba.

Ndipo mwenye duara akaja. Alikuwa anataka ukurasa wa mtandao wa kuita wachimbaji na wabia. Duara amelipatia jina jipya, lakini nililijua ni lile lile. Ningeweza kukataa. Sikukataa, kwa sababu aliniahidi kwamba watu wakija wengi wataondoa kifusi upande wako na utaletwa nyumbani. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nikautengeneza vizuri. Ungeuona ungejisifu. Chini kabisa niliandika aya moja: kwamba duara hili liliwahi kuporomoka, majina yenu watatu, kwamba Mwita bado yuko chini, na kwamba upande wa mashariki udongo haushiki. Akasoma, akakunja uso. Akasema, "Hiyo itoe. Inaleta nuksi."

Kaka, sikuweza kulifuta jina lako. Vidole viligoma. Nikafanya ujanja ulionifundisha wewe mwenyewe katika lile somo la tisa, nikaandika mstari mmoja tu, display: none, na aya yote ikapotea machoni. Akaangalia, akaridhika, akaniita fundi. Maneno hayajaenda popote. Yako pale pale chini ya ukurasa, ila hakuna anayeyaona.

Na watu wamekuja. Wametoka Geita, Kahama, wengine wanavuka mpaka wa Sirari na Kiswahili chao cha ng'ambo. Wanachimba kuelekea mashariki, siyo kuelekea kwako. Matimba ya kuzuia udongo wanayapunguza ili kuwahi. Wazee walitaka kondoo achinjwe kabla ya mtu kushuka tena, mwenye duara akawajibu kwamba hayo ni ya zamani. Njia ya kule imepasuka ufa, naambiwa, na ng'ombe wakifika hapo wanazunguka.

Kila mchimbaji anatakiwa alete kopi ya kitambulisho na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Kopi natoa mimi. Mashine inapiga ule mwanga wake, sura ya mtu inatoka kwenye karatasi, na mimi nabana pini. Nimeshika sura nyingi sasa. Usiku zinakuja.

Jana amekuja mmoja anaitwa Masanja, wa Kahama, mpole, ana sauti ya chini. Alinionyesha ukurasa wangu kwenye simu yake, akaniambia umepangika, inaonekana hawa ni watu makini. Akajaza namba ya mke wake kwa mwandiko wa pole pole. Halafu akaniuliza, "Dada, huko ni salama?"

Nilimwelekeza njia. Hilo tu. Nilinyoosha mkono nikamwambia apite kushoto penye mashine ya kusaga. Akashukuru. Atashuka Jumatatu asubuhi pamoja na wenzake.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekaa karibu na kaburi lako. Bila kugeuka akaniambia jani la pili limetoka. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Leo ni Jumamosi, niko dukani peke yangu na mlango nimeufunga. Nakuandikia huku ukurasa uko wazi mbele yangu. Najua waliokwisha kuuona hawataurudia, kwa hiyo kuifichua ile aya hakutoshi. Nikishaufuta ule mstari nitaichapa aya na kuibandika mlangoni hapa, na penye mashine ya kusaga, na kwenye nyumba ya wageni alikofikia Masanja. Yeye nitamwambia kwa mdomo, nikimwangalia usoni. Mwenye duara atajua ni mimi. Anapajua kwetu, na aliwahi kunikumbusha hivyo akitabasamu. Naogopa sana, kaka. Sikufichi.

Nakuahidi jambo moja: sitaficha tena jina la mtu, si lako wala la mwingine, hata nikiitwa fundi kwa hilo. Na mgomba wako hautakatwa. Nitaumwagilia mwenyewe, nikiwa bado nipo.

Pumzika, Mwita wa mama. Nami nina ombi, la mwisho, kisha nikuache. Kama wengine watanicheka wakashuka hivyo hivyo, na kama huko chini mikono yako bado ina nguvu yoyote, uushikilie ule udongo.

Nimeufuta mstari. Jina lako linaonekana.

Mdogo wako,
Ghati