Ghala Langu la Getini na Kompyuta ya Bhoke

Mama Wambura,

Kalamu nimeshika mwenyewe. Darasa la pili niliacha kwa hiari yangu, mwalimu alikuwa hana jipya la kunifundisha, unajua hilo. Kwa hiyo herufi zikilala upande usinicheke.

Tangu tukuzike hapa Butiama, yule ng'ombe wako mwekundu amezaa jike, na mke wa mwanetu Wambura ametukimbia. Yuko Bunda kwa wazazi wake, wiki ya tatu sasa. Mimi na mwanao tunakula michembe, vile viazi vikavu, asubuhi, michembe jioni. Wambura anaunguza hata maji.

Sababu ni ghala langu la chakula. Aliomba nilihamishe kutoka getini, likae karibu na jiko. Nikasema ghala la mzee linakaa getini, mgeni akiingia ajue ameingia kwa nani. Watu wametoka Kiabakari kuja kuliangalia! Basi, wawili. Lakini walikuja. Mtoto wa watu akachukua ungo wake akaondoka.

Juzi Bhoke, mjukuu wako, kaja likizo kutoka chuo huko Musoma, akakuta mama yake hayupo. Hakulia. Akanikalisha. Anasoma kitu kinaitwa kompyuta akitekcha. Nikamwambia eleza, babu yako hashindwi.

Akasema, "Babu, siyo lile boksi. Ni mpango. Kompyuta inaelewa amri zipi, na ndani yake vitu vimekaaje mpaka amri itimie." Mafundi wanalitumia neno hilo kwa yote mawili, na hata simu yangu ya tochi ina mpango wake. Nikasema hayo nilikuwaga nayajua.

Akachora mji wetu chini kwa kijiti. "Ukisema 'leta ugali', hiyo ni amri, kila mji unaielewa. Ugali kuwahi au kuchelewa, huo ni mpangilio. Jiko linafanya kazi, ghala linatunza, katikati kuna njia. Sasa babu, tembea hiyo njia."

Mimi baba mkwe siingiagi jikoni kwa mke wa mwanangu, mila unaijua, kwa hiyo njia yenyewe sikuwahi kuipita. Bhoke akanibebesha ndoo ya unga. Getini, zizi, zunguka lile jiwe kubwa, panda mpaka mlangoni pa jiko. Safari ya tatu nikakaa juu ya jiwe nikasingizia kuangalia ng'ombe.

Hapo akaniambia wasomi waliona njia ndefu inachelewesha, wakaweka kaghala kadogo pembeni kabisa ya ile sehemu inayofanya kazi. "Kama chungu cha bibi."

Mama Wambura! Chungu chako cha unga kando ya mafiga! Miaka yote nilikugombeza, nikasema unaficha chakula kama panya. Wewe unasema tu, "Mzee, ugali si umeuona?" Kumbe wasomi wa dunia wamehangaika, wamefika pale pale ulipokuwa umekaa wewe na mwiko wako. Nimeshawatangazia wazee wote kwamba kitu hicho kilianza nyumbani kwangu. Jina lako sikulitaja. Jumapili nitalitaja, kanisani, kwa sauti.

Kesho naenda Bunda. Wambura anataka kwenda yeye, nimekataa, hakukimbiwa yeye. Taabu ni lile neno. Mbele ya wakwe, mimi, na mvi hizi! Nimejaribu mbele ya ng'ombe, likagoma kutoka. Nikaona nianze na wewe, maana wewe ndiye wa kwanza.

Nilikosea.

Umeona? Limetoka.

Pumzika, mama. Nakuahidi ghala linahama, na jembe la kwanza nitapiga mimi. Huko Bunda wakiguna, nitalisema tena. Wakiguna tena nitalisema mara ya tatu, mpaka mtoto wa watu arudi nyumbani. Ila hizo mara tatu usimsimulie mtu huko.

Mumeo, kichwa kile kile.