Maua ya Mama Yako Yameoza

Mwanangu,

Mimi mzima, mgongo tu ndio unasumbua. Umeuliza tena maua ya marehemu mama yako, yale mafupi yanayojaa chini kama mto wa kukalia. Yameoza katikati. Usinipigie kelele. Nilikuwa nayamwagilia asubuhi na jioni, kama tunavyomwagilia zege jipya kazini lisipasuke. Mimi kibarua, najua hivyo tu.

Nikamwita muuza miche ayaangalie. Akacheka. "Mzee, umeyazamisha. Haya yanataka kokoto na jua, huruma yako wape kuku."

Mtu mzima naambiwa hivyo uani kwangu.

Basi nimechukua vipande vya pembeni vilivyobaki kijani, nimevipanda kwenye kokoto. Nimekatazwa kumwagilia mpaka Jumamosi. Sasa nikitoka kazini sina cha kufanya. Nakaa tu pale, mikono kwenye magoti. Tangu mama yako aondoke jioni haziishi.

Na wewe kila barua ni maua, maua. Baba mzima au mgonjwa, huulizi. Hilo linaniudhi kuliko muuza miche.

Njoo uyaone mwenyewe. Kitanda chako nimeshakitandika.

Ni mimi, baba yako.