Vidole Vitatu Juu ya Ekseli

3 Machi

Shikamoo kaka,

Natumai wewe ni mzima. Huku uzima ni wangu peke yangu. Baba amepooza upande wa kulia na maneno hayatoki. Tuko wawili tu humu ndani, na kutwa nzima anatazama lori lake kuukuu kupitia dirishani. Injini yake ilikufa. Nyingine aliipata kabla hajaanguka, iko uani chini ya turubai. Baba Mdogo kasema tarehe thelathini watu wa chuma chakavu wanalibeba, isipokuwa litoke getini kwa nguvu zake lenyewe. Tangu Baba asikie hivyo, chakula hataki.

Mimi na wewe hatujawahi kuongea zaidi ya salamu, naona aibu hata kuandika. Lakini fundi ni wewe. Kitabu cha lori ni cha Kiingereza, nakielewa, ila kinaeleza injini ya zamani tu. Hii nyingine niikalishe wapi? Juu ya raba zipi za kupunguza mtikisiko?

Mdogo wako


9 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Mimi sijambo, ni mikono tu imechubuka. Pole kwa kuuguza.

Kurudi huko sirudi, usiniombe. Lakini shika haya. Tumia raba laini. Ngumu zitakutikisa mpaka meno. Funga giaboksi kwenye injini kwanza, vining'inize pamoja kwa mnyororo, shafti ya nyuma ikae bila kupinda. Kati ya feni na rejeta kipite kiganja. Vishikizo vya raba vichomelewe kwenye chasisi mwisho kabisa. Na Baba asijue kama ni mimi.

Kaka yako


18 Machi

Shikamoo kaka,

Sitauliza hali yako leo, nisamehe. Nimeharibu.

Nilifanya yote uliyosema. Jirani yetu mchomeleaji, yule tunayemwita Cheche, alichomelea vishikizo na nikampungia Baba dirishani. Alitabasamu kwa upande mmoja. Akala! Kisha tukaondoa magogo tuliyokuwa tumeegemezea chasisi, lori likakaa juu ya magurudumu, na tukasikia kitu kikigonga. Ekseli ya mbele, ule mtaimbo wa magurudumu, imepanda ikaibonyeza sampu, bakuli la oili chini ya injini. Cheche akasema, "Binti, hapa umelitengenezea lori kidonda cha tumbo." Nilicheka naye, halafu nikajificha chooni nikalia.

Baba nimemdanganya kwamba bado rangi tu. Sijawahi kumdanganya. Zimebaki siku kumi na mbili.

Mdogo wako


23 Machi

Mdogo wangu,

Kosa ni langu, nilisahau kukwambia. Lori likiwa juu ya magogo, ekseli inaning'inia, unaona nafasi ambayo haipo. Mimi nililifanya kosa hilohilo kwenye lori la mteja. Baba akaniita mchinja magari mbele ya mafundi wote, nikachukua begi langu. Sasa unajua.

Kata vishikizo. Lori likae chini kwa uzito wake wote. Pandisha injini mpaka vidole vitatu vilale kati ya sampu na ekseli, ndipo mchomelee. Boliti za raba kaza baada ya mnyororo kulegea, si kabla. Ukichelewa usijilaumu.

Kaka yako


30 Machi

Kaka,

Barua yako ilifika juzi. Tumekata, tumepandisha, tumeshusha, tumepandisha tena. Cheche kasema injini hii ikisogezwa mara nyingine itadai nauli. Vidole vitatu vimeingia, vyangu na vyake.

Leo saa nne watu wa chuma walikuwa wamesimama getini na minyororo yao. Lori liliwaka mara ya tano. Niliendesha mwenyewe mpaka ng'ambo ya barabara. Baba Mdogo akawaambia, "Haya, nendeni."

Tukamleta Baba kwa kiti, tukamwinua mpaka ndani ya lori. Akaweka mkono wa kushoto kwenye dashibodi, akausikiliza mtikisiko muda mrefu, kisha akanitazama kwa swali. Kaka, sikuweza uongo wa pili. Nimemwambia ni wewe.

Hakukasirika. Nilitaka kumshusha, akashika mlango. Cheche alijaribu, Baba Mdogo alijaribu. Amekaa upande wa abiria, kiti cha dereva kitupu, macho yake yako barabarani. Sasa ni alasiri, hajala, hajanywa, na jua limemfikia usoni. Nimemfunika kwa khanga.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ikufikie upesi. Baba hataki mtu yeyote wa hapa amshushe. Njoo wewe.

Mdogo wako