Filimbi Iliyotujibu Nyegezi

Jumamosi, usiku

Leo jioni niliwapeleka vijana wa kanisa kwenye miamba ya Nyegezi, kando ya ziwa, tujizoeze kuitana kwa filimbi kabla ya safari ya porini wiki ijayo. Nilipuliza mara mbili. Kutoka upande wa ziwa, ambako hatukuona mtu, filimbi ikajibu.

"Mwangwi tu," nikawaambia.

"Mwalimu, wewe umepuliza mara mbili," Neema, mmoja wa vijana, akasema. "Huyo amepuliza mara tatu."

Kwetu mara tatu maana yake nimepotea, njooni. Vijana wote walikuwa mbele yangu. Nikapuliza tena, ikajibu karibu zaidi. Hofu ikatushika, tukashuka mbio upande wa pili, mbali na ziwa.

Safari nimeiahirisha. Kinachoninyima usingizi ni kwamba labda kweli kulikuwa na mtu kule, anatuita, na sisi tukamkimbia.