Chupa ya maji moto bwawani

Jumamosi jioni

Neema sasa hivi kazamisha uso kwenye beseni, akapuliza mapovu na kucheka. Na leo bwawani aligoma kabisa kuingia! Maji ya huku kwetu yana baridi jamani.

Mama mkwe alibeba maji moto kwenye chupa ya chai, akayamimina bwawani pale mjukuu wake aliposimama. Mwalimu wa kuogelea akasema, "Shikamoo bibi. Bwawa lote hili utalipasha kwa chupa moja?"

Watu wakacheka. Mama mkwe alinyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani. Naogopa atatukataza kurudi, na mimi nataka mwanangu ajue kuogelea, maana mwenyewe sijui.

Anaita kutoka jikoni. "Mama Neema! Ile chupa kubwa ya wageni iko wapi? Jumamosi ijayo tunabeba zote mbili!"

Mungu wangu, kumbe alikuwa ananyamaza akipiga hesabu ya chupa!