Nembo Niliyoifuta kwenye Simu ya Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumanne, tarehe 14 mwezi wa tano.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu kabla ya mengine. Sisi hapa wazima, isipokuwa mgongo wa Mama unaolalamika akiinuka. Wewe je, kile kikohozi cha vumbi la machimbo kimekwisha? Usingizi unapata?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza Mama amekukasirikia nini, hata Jumapili tatu mfululizo, siku pekee mnayorudishiwa simu zenu kambini, unapiga na hapatikani. Unasema kama hakutaki, basi hutapiga tena. Mdogo wangu, Mama hana hasira nawe. Mkosaji ni mimi.

Unajua walivyonifukuza kule kampuni ya simu. Miaka kumi na minane natukanwa na wateja kwa makosa ya wakubwa, halafu nafukuzwa kwa ujumbe wa maneno tisa. Laini yangu ya kazini wakaikata siku hiyo hiyo. Shukrani yao ilikuwa simu moja, nikampa Mama, maana sikutaka hata kuishika.

Mama naye, unamjua, huizima kila jioni ati nayo ipumzike. Asubuhi akiiwasha, nembo ya kampuni inajaa kioo kizima, rangi ya chungwa lililooza, na wimbo wake: "Tuko nawe daima." Ukuta wetu mwembamba. Kila siku naamka na kichefuchefu kabla sijapiga mswaki. Nawe daima, wao! Hawana haya hata chembe.

Nikaipeleka kwa fundi simu wa pale stendi, yule tunayemwita Waya, ambaye kibanda chake kinanuka plastiki iliyoungua na soksi. Akaichomeka kwenye kompyuta, akafuta nembo na wimbo, akaacha weusi mtupu. Kesho yake kimya. Nililala mpaka saa mbili.

Sikuwahi kumuuliza Mama anaiwashaje. Maandishi madogo hayaoni. Alikuwa anabonyeza kitufe mpaka aone ile rangi na asikie wimbo, ndipo ajue imewaka. Sasa haoni kitu, hasikii kitu, anabonyeza tena na tena mpaka inazimika. Jumapili zote tatu alikaa na simu mapajani, amevaa nguo yake ya kutokea, kana kwamba utamwona. Mimi nilidhani anakwenda kwa jirani.

Nilipomkalisha juzi, baada ya barua yako, akasema taratibu, "Ilikufa siku nyingi hiyo. Umepoteza kazi juzi juzi tu, nikuongezee na habari za simu?"

Nilijionea kinyaa kuliko nilivyowahi kuionea kampuni. Hasira hasara, ni kweli, lakini hasara hii nilimtwika mwingine.

Nikarudi kwa Waya. Nembo alikuwa bado ameihifadhi. Akaniambia, "Dada, wenzako huja kutoa, wewe unarudisha? Si nikuwekee picha ya waridi na mlio mwingine?" Nikakataa. Mama aanze kufundishwa upya uzeeni kwa ajili ya kinyongo changu? Akairudisha, na wimbo juu kabisa. Nilipoiona ile rangi nilitoka nje nikatema mate, na sijutii.

Shangazi anakusalimu sana, na Kibonge wake ameota meno mawili. Nisalimie mpishi wenu na yule mwenzako wa chumbani, Mkoromo. Mungu akutangulie kila ushukapo shimoni, na akutoe mzima.

Leo asubuhi imeimba. Nilikuwa nimejifunika shuka mpaka masikioni, nikamsikia Mama upande wa pili wa ukuta akiiambia, "Haya, umeamka." Nguo ya kutokea ameshaifua, iko kambani. Piga Jumapili.

Ni mimi nikupendaye, ninayeamshwa na wale wale,
Dada yako.